Kinanda cha Barabarani: Habari Zake za Zamani na Mafundisho Yake kwetu

Neno hili «kinanda» limetembea sana. Zamani watu wa pwani waliita kinanda chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa vidole. Wamisionari walipoleta vyombo vya Ulaya, jina lile lile likapewa chombo cha kanisa chenye mirija na mivukuto. Likapewa tena kile cha kuvutwa kwa mikono miwili kifuani, na mwisho hata gramafoni ikaitwa kinanda, ingawa hakuna mtu anayeipiga. Neno moja likafunika vitu viwili visivyo sawa: chombo ambacho mtu anakipiga, na chombo kinachojipiga chenyewe.

Kati ya hivyo viwili kiko cha tatu, na ndicho tunachotaka kueleza katika kurasa hizi: kinanda cha barabarani, kinachozungushwa kwa mkono. Mtu mmoja anazungusha, wimbo unatoka, watu wa soko wanasimama, mwenzake anapita na kikopo cha feza. Katika miji ya Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Italia chombo hicho kilichezesha watu kwenye sikukuu na masoko kwa muda mrefu, na hata leo kinasikika pengine.

Mtu atauliza: «Habari hizo zatufaa nini sisi wa Mugunga, ambao hatuna kinanda cha namna hiyo?» Tunajibu kwamba zatufaa kwa sababu tatu. Kwanza, ndugu yake mkubwa ni kile kinanda cha kanisa tunachokiheshimu, na wote wawili wametoka katika nyumba moja. Pili, Kanisa lilikitaja chombo kinachojipiga katika sheria zake, na sababu zake zatufundisha. Tatu, kinanda hicho kimekwisha kufika kwetu, ila kimevaa ngozi nyingine.

I. Kinanda kilizaliwa Afrika

Wengi wanafikiri kinanda cha mirija kilizaliwa kanisani huko Ulaya. Sivyo. Kilizaliwa Afrika, katika mji wa Alexandria wa Misri, katika karne ya tatu mbele ya Kristu. Aliyekitengeneza ni fundi mmoja jina lake Ktesibios. Alitumia uzito wa maji kusukuma hewa iingie katika mirija kwa nguvu isiyobadilika, na kwa sababu hiyo Wagiriki walikiita kinanda cha maji. Kilikuwa chombo cha mafundi na cha furaha, wala hakikuwa na neno lolote na sala.

Warumi wakakipenda kwa sababu sauti yake ilisikika mbali. Katika mji wa Aquincum, mahali ulipo sasa mji wa Budapest, mkubwa mmoja alikipa chama cha wazima moto kinanda katika mwaka 228, na mabaki yake yalifumbuliwa mwaka 1931. Lakini kiwanja chake kikubwa kilikuwa uwanja wa michezo. Huko Zliten, katika Libya, ilifumbuliwa picha ya vijiwe vya rangi iliyopangwa na Warumi sakafuni. Inaonyesha watu wanaopigana kwa silaha mpaka kuuana, na wafungwa wanaotupwa kwa wanyama wakali. Pembeni yao wako wapiga baragumu, na pamoja nao mtu anayepiga kinanda.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Katika viwanja vya namna hiyo ndugu zetu Wakristu wa kwanza walimwaga damu yao. Inawezekana sana kwamba wengine wao walisikia sauti ya kinanda kabla ya kufa. Si ajabu basi kwamba Mababa wa Kanisa hawakupenda vyombo vya muziki. Klementi wa Alexandria, aliyekaa katika mji ule ule kilikozaliwa kinanda, aliwaonya Wakristu wajihadhari na vyombo vya karamu za wapagani. Kwake yeye chombo kizuri cha kumsifu Mungu ni mtu mwenyewe.

Hata hivyo miaka ilipita, nayo ile michezo ya damu ikafa. Katika mwaka 757 Kaisari Konstantino wa Tano wa Konstantinopoli alimpelekea Pipino, mfalme wa Wafranki, zawadi ya kinanda. Hata hapo kilikuwa bado chombo cha ufalme. Katika mwaka 826 padri mmoja wa Venezia, jina lake Georgius, alimtengenezea mfalme Ludoviko kinanda huko Aachen. Polepole watawa wakakiingiza katika makanisa yao, na watu wote hawakufurahi. Mtakatifu Aelred wa Rievaulx, abati wa karne ya kumi na mbili, alilaumu mivukuto ile yenye kelele kama ya radi, ambayo watu wanaisikiliza kwa mshangao badala ya kusali. Mtaguso wa Trento mwaka 1562 haukukifukuza kinanda, bali uliagiza kisilete kanisani nyimbo chafu wala za upuzi.

Basi, chombo ambacho kwetu ni mfano wa utakatifu kilipita miaka zaidi ya elfu nje ya kanisa, kisha kikasafishwa kwa matumizi mema. Neno hili tuliweke akilini, tutalihitaji mbele.

II. Namna kinavyofanya kazi, na watawa waliokisaidia

Kinanda cha barabarani ni mtoto wa kile cha kanisa aliyejifunza kutembea. Ndani ya sanduku mna mirija ya mti au ya madini, na mvukuto kama ule wa mhunzi. Mahali pa vidole vya mpigaji pana gogo la mti la mviringo. Juu ya gogo fundi amepigilia misumari midogo na vipande vya waya wa shaba, maelfu kwa maelfu. Mtu akizungusha mkono wa chuma ulio ubavuni, kazi mbili zinafanyika pamoja: mvukuto unajaa hewa, na gogo linageuka polepole. Msumari ukifika chini ya kijiti chake unakiinua, tundu linafunguka, hewa inaingia katika mrija, na sauti inatoka. Msumari mfupi unatoa sauti fupi. Kipande kirefu cha waya kinatoa sauti ndefu. Gogo likisogezwa kidogo upande, misumari ya wimbo mwingine inafika chini ya vijiti. Gogo moja huweza kubeba nyimbo nane au kumi hivi. Zikiisha, zinaanza tena zile zile.

Akili hiyo haikuanzia barabarani. Katika karne ya tisa ndugu watatu wa Baghdad, wanaoitwa Banu Musa, waliandika habari za chombo kinachojipiga kwa gogo lenye meno. Huko Salzburg, katika ngome ya askofu mkuu, kinanda cha kujipiga kilijengwa mwaka 1502. Watu wa mji wanakiita «Ng'ombe dume wa Salzburg» kwa sababu ya mngurumo wake, nacho kipo mpaka leo.

Wasemina wapendezwe kujua kwamba watu wa dini walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Padri Athanasius Kircher, Myezuiti, alieleza na kuchora vinanda vya kujipiga katika kitabu chake kikubwa cha muziki kilichopigwa chapa Roma mwaka 1650. Padri Engramelle, Mwagustino wa Ufaransa, alitoa mwaka 1775 kitabu kizima juu ya namna ya kupigilia misumari. Alitaka gogo lisipige tu noti zinazoandikwa, bali namna mwimbaji mzuri anavyozikata na kuzivuta. Dom Bédos de Celles, Mbenediktini, aliyeandika kati ya 1766 na 1778 kitabu mashuhuri juu ya ujenzi wa vinanda, aliweka humo mafundisho hayo pia. Na mtawa mmoja, Padri Primitivus Niemecz, aliyekuwa mtunza vitabu wa ukoo wa Esterházy, alitengeneza saa zenye vinanda vidogo ndani. Haydn mwenyewe alizitungia nyimbo. Mozart naye, katika miaka 1790 na 1791, aliandika nyimbo kwa ajili ya vinanda vya kujipiga.

Katika vijiji vya Uingereza, makanisa ya Kianglikana yaliyokosa mpigaji yalinunua vinanda vya gogo vyenye nyimbo za zaburi, na mtu yeyote mwenye mkono aliweza kuzungusha. Hapo tunaona mara ya kwanza jaribu ambalo litarudi: mahali pakikosa mtu, tunaweka mashini.

III. Barabarani na sokoni

Vinanda vidogo vya kubebwa kwa mkanda begani vilienea katika karne ya kumi na nane na kuzidi katika ya kumi na tisa. Wenye kuvipiga walikuwa maskini. Katika nchi za Austria na Prussia, askari waliorudi vitani bila mguu au bila macho walipata ruhusa ya serikali ya kuzungusha kinanda, ili wasiombeombe mikono mitupu. Kwa njia hiyo kinanda kikawa namna ya pensheni ya mtu aliyesahauliwa.

Kisha yalikuja mabadiliko makubwa. Mafundi wa nguo wa Lyon, kwa akili ya Jacquard, walikuwa wakitumia tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa karatasi ngumu zenye matundu ili kuongoza nyuzi za kitambaa. Ukoo wa Gavioli, uliotoka Modena katika Italia na kukaa Paris, ulichukua akili hiyo mwaka 1892: badala ya gogo, kitabu cha karatasi ngumu kinachokunjwa kama mkeka, chenye matundu. Tangu hapo wimbo uliweza kuwa mrefu namna yoyote, na fundi akitaka nyimbo mpya, anatoboa kitabu kipya, si lazima tena achonge gogo. Vinanda vikakua, vikawekwa juu ya mikokoteni, vikapakwa rangi na dhahabu, vikaongezewa ngoma, matoazi, na sanamu ndogo zinazopiga kengele.

Ubelgiji ulikuwa na sehemu yake. Huko Antwerpen mafundi kama Mortier, na baadaye ukoo wa Decap, walijenga vinanda vikubwa vya nyumba za kucheza. Katika Amsterdam, Mbelgiji Leon Warnies alianza mwaka 1875 kuwakodisha watu vinanda. Mzungushaji hakuwa na chombo chake mwenyewe. Alikichukua asubuhi, akalipa kodi, na lililobaki jioni ndilo chakula cha watoto. Wandugu wa Goma wanaofahamu maisha ya vijana wa pikipiki, wanaomletea mwenye pikipiki «versema» yake, hawahitaji maelezo zaidi.

Tusifikiri kwamba kuzungusha si kazi. Mkono ukiharakisha, wimbo unakimbia. Mkono ukichoka, hewa inapungua na sauti inalia kama mgonjwa. Mzungushaji mzuri anajua kupunguza mwendo mwishoni mwa mstari na kuushika sawa mahali watu wanapocheza. Noti hakuzichagua, lakini pumzi ya wimbo ni yake. Mwenzake anatikisa kikopo cha shaba kwa kufuata mwendo wa ngoma, na franka zenyewe zinakuwa chombo cha muziki.

Wakubwa wa miji hawakupendezwa daima. Huko London, Charles Babbage, mtu mwenye hesabu nyingi ambaye alibuni mashini ya kuhesabu, alipigana miaka mingi na wapiga vinanda waliomsumbua katika masomo yake. Mwaka 1864 bunge likatoa sheria, iliyoletwa na mjumbe Michael Bass, ya kumruhusu mwenye nyumba kuwafukuza. Huko New York, meya La Guardia alizuia kazi hiyo mwaka 1936, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Mwitalia mpiga muziki. Alisema, kwa ufupi, kwamba wakati wa gramafoni na redio umefika, na kwamba kuomba barabarani kunawaaibisha watu wake. Katika Uholanzi, kinyume chake, wapenzi wa vinanda walifanya chama mwaka 1954 ili visipotee, na mji wa Utrecht una nyumba ya makumbusho inayovitunza.

IV. Watoto wenye kinanda na Askofu Scalabrini

Sasa tufike mahali pa uchungu. Wengi wa wale waliozungusha vinanda katika London, Paris na New York walikuwa watoto. Walitoka katika vijiji vya milima ya Italia, hasa upande wa Parma na Piacenza, na vingine vya kusini. Mtu mmoja, aliyeitwa «padrone», yaani bwana, alifika kijijini wakati wa njaa. Alifanya mapatano na wazazi: atamchukua mtoto miaka miwili au mitatu, atampa chakula, naye atawapa wazazi feza kidogo. Mtoto alivuka nchi kwa miguu, akabebeshwa kinanda au mnyama mdogo wa kuchezesha watu, na jioni alipaswa kuleta kiasi kilichoagizwa. Asipokileta, alipigwa au alilala njaa. Bunge la Italia lilitoa sheria mwezi wa Desemba 1873 ya kukataza kuwatumia watoto katika kazi hizo za kutangatanga. Biashara hiyo ilichukua muda kufa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Giovanni Battista Scalabrini aliwekwa askofu wa Piacenza. Alitembelea parokia zake zote, pamoja na zile za milimani, tena zaidi ya mara moja. Akaona vijiji vimebaki na wazee, kwa sababu vijana wameondoka. Hakutosheka kuwaombea. Mwaka 1887 aliandika juu ya uhamaji wa Waitalia kwenda Amerika, na mwaka huo huo alianzisha shirika la mapadri wa kuwafuata wahamiaji huko waliko. Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 9 Oktoba 2022.

Watu wa mjini walisikia wimbo tu. Waliosumbuliwa walitaka kelele iondoke. Waliopendezwa walitupa shilingi. Askofu alisikia jambo lingine: aliuliza mikono ile ni ya nani, imetoka kijiji gani, na nani anakula jasho lake. Hilo ndilo sikio la mchungaji.

V. Kanisa lilisema nini?

Sasa tufuate maneno ya Kanisa juu ya vyombo vya muziki, kwa kuwa hapa wengi wanachanganya.

Papa Pio X, tarehe 22 Novemba 1903, aliagiza kwamba katika ibada muziki mkuu ni wa sauti ya watu, na kinanda cha mirija kinaruhusiwa kusindikiza. Alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele. Lakini katika maandamano ya nje aliacha nafasi kwa fanfari, kwa ruhusa ya askofu, ikiwa haipigi nyimbo za dunia. Tangu hapo tunaona kwamba Kanisa linapambanua mahali: ndani ya kanisa ni neno moja, barabarani ni lingine.

Papa Pio XII alifungua mlango zaidi mwaka 1955, akiheshimu nyimbo za nchi za misioni. Na tarehe 3 Septemba 1958 yalitoka Maagizo ya Roma juu ya muziki na liturjia. Humo kinanda cha kujipiga kilitajwa, pamoja na gramafoni, redio na mashini za kunasa sauti: havikuruhusiwa katika ibada kamwe. Kanuni iliyowekwa ni kwamba chombo cha ibada kipigwe kwa tendo la mtu mwenyewe, si kwa mashini. Maagizo yale yale yalikubali mashini zitumike kuwafundisha waamini nyimbo, na kusaidia uimbaji wa watu katika maandamano nje ya kanisa.

Wandugu, angalieni uzito wa kanuni hiyo. Kanisa halikuuliza kama sauti ni tamu. Kinanda cha Gavioli chaweza kupiga vizuri kuliko mzee wetu wa harmoniumu. Liliuliza kama yuko mtu anayetoa. Ibada ni sadaka, na sadaka yahitaji mtoaji. Msumari hausali.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 4 Desemba 1963, ulikiheshimu kinanda cha mirija katika Kanisa la Kilatini, ukakubali pia vyombo vingine, kwa hukumu ya wakubwa wa Kanisa wa kila nchi, ikiwa vyafaa au vyaweza kufanywa vifae kwa ibada na kuwajenga waamini. Tena ulitaka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake. Maagizo ya tarehe 5 Machi 1967 yalirudia mambo hayo. Mwaka 1973 Roma iliruhusu muziki ulionaswa katika Misa za watoto, kwa busara na kwa kanuni za maaskofu. Mwisho, tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilithibitisha Misale ya majimbo ya Zaire, na hapo ngoma na mwendo wa mwili vilipata makao yao mbele ya altare.

Basi ngoma, iliyokatazwa mwaka 1903, ilipita njia ile ile ya kinanda. Kinanda kilitoka kwenye uwanja wa damu. Ngoma ilitoka kwenye uwanja wa michezo na wa mizimu. Vyote viwili vilioshwa. Anayesema kwamba ngoma haifai kwa sababu ya kuzaliwa kwake, akitoe kwanza kinanda.

VI. Ushuhuda wa Katanga

Jambo hilo halikungoja Mtaguso. Katika nchi yetu walikuwapo waliolianza mapema. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kusoma katika seminari ya Baudouinville, alijua kinanda cha Ulaya na nyimbo za nchi yake pia. Alifundisha muziki Elisabethville na kutunga nyimbo za ibada zilizochota katika sauti za kwetu. Mwaka 1960 akawa waziri wa elimu wa Katanga iliyojitenga, akatunga wimbo wake wa taifa, akafariki mwaka 1961.

Huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransiskani, alikusanya watoto wa shule na walimu wao. Mwaka 1958 walitoa «Missa Luba»: maneno ni ya Kilatini cha Misa, lakini sauti na ngoma ni za Kongo. Waimbaji hawakuwa na noti mbele yao. Walijenga wimbo pamoja, mmoja akitoa na wengine wakijibu, kama watu wetu wanavyoimba tangu zamani. Mwaka ule ule walisafiri Ulaya, wakaimba kwenye Maonyesho makubwa ya Bruxelles.

Ni mwaka 1958 pia ambao Roma ilikataza kinanda cha kujipiga katika ibada. Mambo hayo mawili hayapingani. Yanaelekeza mahali pamoja: kwa mtu aliye hai anayeimba kwa pumzi yake mwenyewe.

VII. Kwetu Mugunga

Tumefika nyumbani. Mugunga iko upande wa magharibi wa Goma, kwenye barabara ya Sake, juu ya mawe meusi ya volkano. Kwa miaka mingi dunia ililijua jina hili kama jina la kambi: ya wakimbizi wa Rwanda kutoka 1994 mpaka Novemba 1996, kisha ya watu wetu wenyewe waliofukuzwa na vita vya Masisi, Rutshuru na kwingine. Kila watu waliofika walikuja na vitu vichache, lakini nyimbo hazihitaji mzigo. Kwa hiyo mahali hapa padogo pamesikia nyimbo za Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kinyanga, Kitembo na Mashi. Huo ni utajiri ambao miji mingine haina.

Na utajiri huo unapungua namna gani? Kijana anapata kinanda cha umeme. Anabonyeza kitufe kimoja: ngoma inajipiga. Anabonyeza kingine: besi inajipiga. Bafle mbili, grupu ya umeme, na sherehe imekamilika. Arusi, jubilei, kufunga mwaka wa shule, hata matanga: ngoma ni ile ile, iliyonaswa na fundi wa nchi ya mbali ambaye hajasikia kamwe ngoma ya Masisi. Pengine hakuna hata anayebonyeza. Ni flashi iliyochomekwa. Hicho, wandugu, ni kinanda cha barabarani. Gogo lake ni dogo kuliko ukucha, na misumari yake haionekani, lakini ni gogo lile lile, lenye nyimbo zile zile zinazorudi.

Hatusemi kitupwe. Katika sherehe ya barabarani na katika mkutano wa watu wengi, mashini inasaidia, na hata sheria kali ya 1958 iliipa nafasi katika maandamano na katika kufundisha. Lakini kwa wachungaji tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza: ndani ya Misa, apige mtu. Kama kinanda cha umeme kipo, kipigwe kwa vidole, na ngoma ipigwe kwa mikono. Korali ndogo ya shirika moja yenye ngoma mbili na kayamba ni sadaka. Bafle lenye sauti ya korali ya Kinshasa si sadaka yetu. Wengine waliitoa mahali pengine.

La pili: wakatekista waandike. Katika kila shirika kuna mama au mzee anayejua namna ngoma ya kwao inavyopigwa kwa mavuno, kwa mtoto aliyezaliwa, kwa kuomboleza. Aitwe, aimbe mbele ya vijana, na kijana mmoja apewe kazi ya kujifunza mpaka aweze peke yake. Simu inaweza kunasa sauti ili isipotee. Hiyo ni kazi nzuri ya mashini. Lakini sauti iliyonaswa bila mwanafunzi ni kama mbegu iliyofungiwa katika chupa. Padri Engramelle alitaka kutunza kwa misumari namna ya wapiga muziki wa wakati wake. Tunamshukuru, lakini aliyetunza muziki kweli ni mwanafunzi aliyekaa karibu na mwalimu.

La tatu, na ndilo kubwa: tuangalie mikono. Kwenye barabara ya Sake kuna watoto wanaopiga bidoni na kucheza mbele ya magari ili wapate franka mia mbili. Tunawaita maibobo, na mara nyingi twageuza uso. Wengine wana mkubwa wao anayepokea feza jioni. Yule «padrone» wa Parma hakufa, amebadilisha lugha. Tena katika sherehe zetu wenyewe, vijana wapiga ngoma wanakesha usiku mzima, wageni wanakula, nao wanaondoka na njaa. Parokia inayolipa mafuta ya grupu na kusahau chakula cha wapiga ngoma imepanga hesabu yake vibaya.

Kuna atakayesema: «Padri, sisi hatuna feza ya kuwalea watoto wote wa barabara.» Ni kweli. Askofu Scalabrini naye hakuwa na feza ya Amerika nzima. Alianza kwa kuwatembelea katika vijiji vyao na kuuliza majina. Mkatekista anayejua majina ya watoto watano wanaopiga bidoni, na kijiji walikotoka, na nani anapokea feza yao, ameanza kazi ambayo mji wa London, pamoja na sheria yake ya 1864, haukuianza.

Kinanda cha mirija kilitembea kutoka Alexandria mpaka uwanja wa damu, kutoka uwanjani mpaka nyumba ya mfalme, kutoka kwa mfalme mpaka altareni, na kutoka altareni kikatoka tena barabarani kwenda kwa maskini. Popote kilipokuwa, hukumu yake haikutoka katika mti wake wala katika madini yake, ila katika mtu aliyekipiga na sababu aliyokipigia. Mseminari anayejifunza muziki na ajifunze hilo pamoja na noti zake. Na siku atakapotumwa kwenye parokia yake ya kwanza, kabla ya kuuliza kama kuna kinanda, aulize kwanza nani anapiga ngoma hapo, na kama amekula.